Msalaba wa Tisa

Odero alikuwa bado na pingu mikononi Koplo Kyule alipoanza kushuku kwamba amemkamata mtu asiyehusika.

Walikuwa watatu katika uwanja wa makaburi nyuma ya Kanisa la Mawe, hatua chache kutoka soko la Kariokor. Kyule mwenyewe, mpelelezi wa miaka hamsini na mbili. Odero, mnunuzi wa chuma chakavu. Na Mama Beldina, kiongozi wa akina mama wanaosafisha makaburi kila Jumamosi. Yeye ndiye aliyekuja kituoni asubuhi hiyo ya Alhamisi kuandikisha ripoti.

Ripoti ilikuwa fupi. Kitabu cha maziko kilikuwa kimeibwa ofisini mwa kanisa pamoja na kisanduku chake cha bati. Kufuli haikuvunjwa. Kesho yake, Ijumaa saa nne, afisa wa ardhi angefika. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na uwanja huo ulikuwa njiani. Afisa alitaka vitu viwili: kitabu kinachoonyesha nani amelala wapi, na angalau jamaa mmoja wa kusimama na kusema mtu wake yuko hapa. Akivipata, barabara ingepindishwa. Akivikosa, tingatinga lingeingia Jumatatu.

Mzee wa kanisa, Festus Mukhwana, ndiye aliyemtaja Odero. Alisema alimwona Jumanne langoni na mkokoteni. Kyule hakuuliza swali la pili. Mukhwana alikuwa na tai, Odero alikuwa na oili hadi kwenye viwiko. Kyule alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha chuma chakavu, akamfunga Odero pingu mbele ya mkewe na wateja sita waliokuwa kwenye foleni ya mizani.

"Afande, hebu nikuulize," Odero alisema. "Kitabu si ni karatasi?"

"Kilikuwa ndani ya bati."

"Bati! Bati la kisanduku hata mizani haishtuki. Angalia hapa." Aliinua mikono yote miwili, maana mmoja haungeweza kwenda bila mwingine, akaonyesha safu ya mbele. "Hiyo misalaba ni chuma mzito. Iko kumi na mbili. Niingie hapa na mkokoteni, niache hiyo yote, nibebe kikebe? Sema mimi ni mwizi, sawa. Lakini usiseme mimi ni mjinga."

Kyule alihesabu misalaba ya chuma. Kumi na miwili. Yote ilikuwa na rangi nyeusi safi, na kila mmoja ulikuwa na namba yake nyeupe. Namba hizo zilikuwa na maana kwa mtu mwenye kitabu tu.

"Nilikwambia pale kituoni chuma hakikuguswa, mwanangu," alisema Mama Beldina. "Ulikuwa unaandika, hukunisikia."

Kyule aligeuka. Alipita kati ya safu hadi kwenye ukuta wa nyuma. Huko misalaba ilikuwa ya mbao, na majina yalikuwa yamechongwa kwa herufi ndogo zilizoliwa na jua. Alitoa daftari akaanza kuyanakili. Ilimbidi apige magoti ili asome.

"Hiyo ndiyo safu yangu," Mama Beldina alisema. "Wenzangu wamegawana ile ya chuma. Mimi nina hii tisa ya mbao."

"Nane," alisema Kyule.

"Tisa."

"Hesabu, mama."

Alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Alifika mwisho, akarudi, akahesabu tena.

"Magoti yamenikalisha nyumbani majuma mawili," alisema polepole. "Yule wa kona hayupo."

"Jina lake nani?"

"Macho yangu hayasomi herufi hizo. Namwita mgeni wa kona tu. Nampalilia, namwambia pole, naenda."

"Na watu wake?"

Mama Beldina alimtazama kama mtu aliyeuliza njia ya kwenda kwao. "Watu gani? We unajua mtu huzikwa wapi. Mtu huzikwa kwao. Hapa wako wale ambao hawakuchukuliwa. Jumapili tatu nimesimama mbele ya kanisa nikauliza, wako ni nani kule nyuma? Hakuna mkono ulioinuka. Wengine walicheka. Nani anataka kuonekana ana mtu hapa?"

Kyule alikwenda kwenye kona. Kwa mbali ardhi ilionekana nzima. Kwa karibu aliona mstari mwembamba, mraba wa ukubwa wa sinia. Nyasi zilikuwa zimekatwa na mizizi yake, zikawekwa kando, kisha zikarudishwa. Kingo zake zilikuwa zimeanza kugeuka njano. Udongo ulikuwa umeshindiliwa kwa uangalifu, na juu yake mtu alikuwa amemwaga maji.

"Mti umeng'olewa, nyasi zikarudishwa," Kyule alisema. "Hii si kazi ya mtu wa kuuza kitu."

Alitoa ufunguo, akaushika mkono wa Odero. Odero aliurudisha nyuma.

"Usifungue hapa."

"Nini?"

"Ulinifunga wapi? Si kwangu? Mama watoto akiangalia, wateja wakiangalia. Sasa unataka kunifungulia kwa watu wamekufa. Hawa watamwambia nani? Tutarudi, ufungue palepale."

"Nina kazi, Odero. Sirudi huko sasa."

"Basi nitakungoja. Twende kazi."

Kyule alifikiria kumlazimisha. Kisha alirudisha ufunguo mfukoni.

*

Msalaba wa mbao una mchongaji. Mama Beldina alimjua aliyeichonga hii yote: Mzee Ndete, wa upande wa pili wa soko, ambaye siku hizi huchonga vijiko na twiga wa kuuzia watalii.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya mafundi wa viatu vya matairi. Alikuwa amekaa chini, kipande cha mti kati ya nyayo zake. Alimwangalia Kyule, akamwangalia Odero, akaziangalia pingu.

"Huyo amefanya nini?"

"Hakuna," alisema Kyule.

"Basi mbona amefungwa?"

"Ananisindikiza, mzee," alisema Odero.

Ndete alicheka mpaka akakohoa. Kisha alimgeukia Kyule. "We ni mtu wa wapi, kijana?"

"Wamunyu. Baba yangu alikuwa mchongaji."

"Na wewe ukaenda kufunga watu." Alitikisa kichwa. "Sema unachotaka."

Kyule alieleza kuhusu msalaba uliotoweka. Aliuliza kama mzee anakumbuka jina.

"Majina ya miaka ishirini iliyopita? Sikumbuki hata nilichokunywa asubuhi." Ndete aliinua patasi, akaelekeza nyuma yake. "Lakini soma mwenyewe."

Ukuta wa nyuma wa kibanda ulikuwa wa vipande vya mbao nyepesi za masanduku, vimepigiliwa kimoja juu ya kingine. Kila kipande kilikuwa na jina.

"Msalaba nilichonga kwa muhugu," Ndete alisema. "Muhugu ni mti wa kunukia, ni ghali, na ukikosea herufi moja umeharibu. Kwa hivyo jina nilijaribu kwanza kwenye ubao wa sanduku. Likikaa vizuri, ndipo nachonga lenyewe."

"Na vya kujaribia ukavipigilia ukutani."

"Ningefanya nini? Jina la mtu uliweke jikoni upikie uji? Nilihitaji ukuta, wao walihitaji pa kukaa."

Kyule alifungua daftari. Alikuwa na majina manane kutoka uwanjani. Alianza juu, akiweka alama kwa kila jina alilolipata. La kwanza, la pili, la tano. Vumbi la muhugu lilimwingia puani. Ulikuwa ni ule mnuko mtamu aliokulia ndani yake, mnuko wa shati la baba yake hata baada ya kufuliwa. Aliweka alama ya nane. Ukutani kilibaki kipande kimoja ambacho hakikuwa na mwenzake.

Odero alikuwa ameshasogea karibu. Alikisoma kwa sauti.

"Javan Mukhwana. Elfu mbili na tatu." Akamgeukia Kyule. "Mukhwana? Kama huyu wetu wa tai?"

"Akina Mukhwana ni wengi," alisema Kyule, ingawa hakuiamini sauti yake. "Mzee, nani alikuletea jina hili?"

Ndete aliinuka kwa shida, akakigusa kile kipande. "Huyu sasa namkumbuka. Mbeba mizigo wa hapa sokoni. Mtu wa chang'aa, mtu wa kuimba. Alilala nyuma ya maduka ya ngozi. Alipokufa wenzake wawili walikuja, wakasema hana mtu, kanisa litamzika. Nilichonga, nikaupeleka mwenyewe."

"Siku ya maziko hakuna jamaa aliyekuja?"

"Hakuna." Ndete alifikiri. "Kulikuwa na kijana mmoja nje ya lango, amevaa suti. Alisimama mpaka tulipomaliza. Nilidhani anangojea harusi."

*

Mzee Festus Mukhwana alikuwa katika chumba cha mavazi ya kwaya, akipanga vitabu vya nyimbo. Alikuwa mtu wa karibu miaka hamsini, mrefu, msafi, tai ya buluu. Alimkaribisha Kyule kwa tabasamu. Alipomwona Odero mlangoni, aliangalia vitabu.

"Amekiri?" aliuliza.

"Bado tunaendelea. Mzee, baba yako amezikwa wapi?"

"Baba yangu?" Mukhwana aliweka kitabu chini. "Nyumbani, Kimilili. Yanahusiana vipi na wizi?"

"Ni maswali tu. Nani alimzika?"

"Mimi mwenyewe. Mimi ndiye mwana wa kwanza. Kila Desemba tunakwenda, tunafyeka kaburi, tunasali."

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mwalimu. Mwalimu mstaafu."

"Jina?"

Mukhwana alipanga vitabu viwili ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Javan," alisema.

"Javan nani?"

Mukhwana alitupa jicho kwenye kabati la majoho. Kyule alilisogelea kabati. Ufunguo ulikuwa kwenye kufuli yake. Alifungua mlango mmoja, na kabla hajaona chochote alinusa. Majoho ya kwaya hunuka sabuni na jasho. Haya yalinuka muhugu.

Aliyasogeza. Chini kabisa kulikuwa na joho jeupe lililofungwa kama mtoto anavyofungwa. Ndani yake mlikuwa na msalaba, udongo bado umeshika mguu wake. Kando yake, kisanduku cha bati.

Kyule alikifungua kisanduku. Kitabu kilikuwa kizima.

"Kwa nini kitabu chote?" aliuliza.

"Nilitaka ukurasa wake tu." Sauti ya Mukhwana ilikuwa imeshuka. "Kimeandikwa pande zote mbili. Ningemchana yeye, ningechana wengine wanane."

"Kwa hivyo ukawatoa wote. Waende chini ya lami, ili wewe usiulizwe."

"Mchungaji alisema majina yatasomwa Jumapili. Kisha yaandikwe kwenye ubao pale langoni. Watu wa kwetu ni wengi hapa, Koplo. Wanamjua baba yangu mwalimu."

"Na msalaba? Una kiberiti, una uwanja. Hukuuchoma."

Mukhwana alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ningemchomaje?"

Alikaa kwenye benchi la kwaya. Alieleza bila kuulizwa tena. Mwaka ule alikuwa karani kijana, watu wakimwita Festus tu. Baba yake alikuwa amekuja mjini kutafuta kazi, kazi ikakosekana, pombe ikapatikana. Walikuwa wakipishana sokoni. Baba alikuwa wa kwanza kuangalia kando, ili kumsaidia mtoto wake asilazimike kusalimia. Alipokufa, kanisa lilitangaza kwamba kuna mzee asiye na mtu. Festus alikuwa amekaa safu ya nne, akasikia, akanyamaza. Kanisa likamzika.

"Mwezi mmoja baadaye habari zikafika nyumbani, wakataka mwili."

"Ukawapelekea nini?"

"Jeneza. Nilisema amekufa kwa ugonjwa mbaya, lisifunguliwe."

"Ndani mlikuwa na nini?"

"Mgomba," alisema Mukhwana. "Shina la mgomba. Kwetu mtu akipotea, mwili usipopatikana, watu huzika mgomba. Lakini huzika wakijua. Mimi niliwaambia ni yeye."

Mlangoni pingu zililia kidogo. Odero alikuwa amebadilisha mguu wa kusimamia.

"Na huyu?" Kyule alimwelekezea kidole. "Huyu alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilisema jina la kwanza lililokuja."

"Nami nikaliandika la kwanza lililokuja," alisema Kyule.

Alivuta kiti, akaketi mbele yake, akafungua ukurasa mpya. "Sasa sikiliza. Mashtaka yapo, nitayaandika, hakimu ataamua. Hilo ni la baadaye. Kesho saa nne afisa atataka jamaa. Katika makaburi ishirini na moja, jamaa anayejulikana ni mmoja tu. Utasimama?"

"Nikisimama hapa, kabla ya saa sita Kimilili wamejua."

"Basi wajue kwako kwanza."

Mukhwana alitoa simu. Aliikosa namba mara mbili, mwishowe akaiweka juu ya benchi na kuibonyeza hapo, sauti nje. Dada yake, Nekesa, aliitikia. Kuku walisikika nyuma yake. Ndugu hao walianza kwa Kibukusu, lakini Kyule akagonga daftari kwa kalamu: Kiswahili, nisikie.

"Nekesa," Mukhwana alisema. "Kuna mtu wa polisi hapa, ndiyo maana naongea hivi. Kuna jambo. Lile jeneza la baba. Yule tuliyemzika si yeye."

Kuku tu.

"Nekesa?"

"Nakusikia. Najua, kaka."

"Unajua nini?"

"Waliobeba jeneza walivaa mashati meupe. Nani aliyafua? Si mimi? Mabega yote yalikuwa na utomvu wa mgomba. Nilisugua kwa limau, nikasugua kwa majivu. Utomvu wa mgomba hautoki. Mama aliyaona kwenye kamba akaniambia niyaanue haraka, niyakaushie ndani, watu wasiyaone."

Mukhwana alifunika uso kwa mikono. "Mama alijua?"

"Mpaka anaingia kaburini. Tulipotaka kukuuliza alikataa. Alisema, mwacheni, atasema mwenyewe."

"Na kila Desemba mnafyeka. Mnasali nami."

"Ungekuja umesimama peke yako na panga, tungekuangalia tu?" Alisikika akifukuza kuku. "Yule mgomba si shida, kaka. Mgomba umezikwa, umezikwa. Niambie kitu kimoja tu, ndicho tumengojea miaka yote hii. Baba yuko wapi?"

Mukhwana aliangalia dirishani. Uwanja wa makaburi ulionekana wote, mpaka ukutani.

"Hapa," alisema. "Hapa kanisani kwangu. Kwenye kona."

"Umekuwa ukimtembelea?"

Kyule aliacha kuandika. Hilo lilikuwa swali ambalo hakuhitaji jibu lake kwa kesi.

"Hapana," alisema Mukhwana. "Mama mmoja ndiye humpalilia. Hata jina lake halijui."

"Basi tunakuja," alisema Nekesa. "Tukitoka jioni, kesho asubuhi tumefika. Usimwonyeshe mtu kaburi kabla hatujafika." Akakata.

*

Mama Beldina aliwakuta uwanjani. Mukhwana alikuwa amevua koti, anashindilia udongo kuzunguka msalaba kwa mikono yake. Kyule alikuwa ameushika usimame wima. Mama Beldina hakuuliza maswali mengi. Aliinama, kwa magoti yake hayo hayo, akaufuta udongo kwenye herufi.

"Wako?" alimwuliza Mukhwana.

"Baba yangu."

"Haya." Alimpa kopo la maji. "Mwagia basi. Mimi nimemwagia vya kutosha."

Kyule alisubiri mpaka kopo likaisha. Kisha alimgusa Mukhwana begani. "Twende. Bado kuna mahali pamoja."

Kibanda cha chuma chakavu kilikuwa mwanzo wa barabara ya kuteremka Mathare. Mke wa Odero, Khalayi, alikuwa kwenye mizani akimpimia mtu masufuria yaliyotoboka. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya asubuhi. Walipomwona Odero anakuja amefungwa, katikati ya polisi na mtu wa tai aliyechafuka udongo hadi magotini, foleni nzima iligeuka.

Kyule alitoa ufunguo. Pingu zilifunguka kwa urahisi, kama kawaida yake. Vifundo vya mikono ya Odero vilikuwa na alama nyekundu.

Mukhwana alisema chini kwa chini, "Mama, nilimsingizia mume wako. Hakuchukua kitu. Nilichukua mimi."

Khalayi hakuacha mizani. "Hawajasikia," alisema, na kwa kidevu akaonyesha foleni.

Mukhwana alirudia kwa sauti. Mwanamke mmoja kwenye foleni aliangalia chini. Mwingine aliguna.

Khalayi alimgeukia Kyule. "Na wewe?"

Kyule alikuwa ameshaanza kuziweka pingu kwenye mkanda. Aliziacha zining'inie.

"Nilimkamata bila kuuliza," alisema. "Ni kosa langu."

"Asubuhi ulipiga kelele mpaka wa ng'ambo ya barabara wakatoka," alisema Khalayi. "Sema hivyo hivyo."

Odero hakumwokoa. Alikuwa amekwenda kusimama upande wa mkewe, anasugua mikono. Kyule alivua kofia. Aliigeukia foleni, watu kumi na tatu na masufuria yao, akajaza kifua, akasema tena.